Mwenye Kofia na Mkate Wake

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku tunakula, tunagombana, tunapatana, kwa hiyo hesabu kwamba tuko salama. Mwanangu wa mwisho ameanza shule na tayari ameitwa mbele kwa kuongea darasani, damu yako haijapotea. Mume wangu anakusalimu. Bado anaendesha lori la matofali na bado anakoroma kama lori lenyewe.

Mama ni mzima, na mdomo ndio mzima zaidi. Aliacha kuuza nyanya sokoni lakini sauti ya sokoni hakuiacha, akiita mtu jikoni wanaitika watu watatu barabarani. Macho ndiyo yamekwenda, mjomba. Daktari amesema kilichoondoka hakirudi. Anaona mwanga na vivuli tu, sisi anatutambua kwa hatua zetu. Jana alimtambua muuza mkaa kwa kikohozi, akamwambia apunguze sigara.

Sasa jambo lenyewe. Unaukumbuka ukumbi wetu wa sinema, ule uliogeuzwa ghala la saruji? Saruji imetolewa, paa limezibwa, na katibu wa mtaa ameurudisha kwa wakazi. Tumekubaliana kwamba jioni moja kila mwezi familia zije zote, bibi na wajukuu benchi moja, tuangalie filamu za zamani. Mwandaaji ni mimi, kwa sababu nilichelewa kukataa. Skrini nimeshona mwenyewe kwa mashuka meupe. Mshono umepita katikati, kwa hiyo kila mwigizaji ana kovu usoni, lakini inaonyesha.

Filamu ya kwanza hatukuhitaji hata kupiga kura. Ni ile ya Mwenye Kofia, uliyokuwa ukitusimulia wewe, umesimama kando ya skrini na maiki mkononi, mpaka mtaa mzima ukakubatiza Maiki. Tumepata diski yake, safi kabisa, yenye maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Jumamosi tukaijaribu na majirani wachache.

Ilikuwa balaa. Sisi wote tunajua kwamba Mwenye Kofia ni mwoka mikate, ameibiwa, anazunguka dunia kumtafuta mwizi, mpaka anafika stesheni na yule mwanamke wa gauni jeupe anamkimbilia akipiga kelele, "Mkate." Kumbe kwa mujibu wa maandishi yale, Mwenye Kofia ni karani wa posta. Hakuna mkate, hakuna hata unga. Mwanamke anamwambia, "Usiende." Watu wakagoma. Fundi baiskeli alisimama akasema tumeletewa filamu feki na turudishe.

Lakini kilichoniuma si hicho. Mama alikaa muda wote ametega sikio. Maneno ya kigeni haelewi, maandishi hayaoni. Taa zilipowashwa akaniuliza taratibu, "Mjomba wako kachelewa wapi?" 

Kwa hiyo njoo utusimulie. Tumepanga Jumamosi ya mwisho ya Juni. Kwa mama filamu ni sauti yako, usipokuja yeye hana filamu. Simu nimekupigia tangu mwaka jana hupokei, ndiyo maana nimenunua bahasha.

Mpwa wako,
Kiroboto


29 Machi

Kiroboto wangu,

Marahaba, marahaba tena. Barua yako niliisoma nikiwa nimeketi, nikaisoma tena nikiwa nimesimama. Hapa karakana yangu ya redio inaendelea. Watu wanaleta redio zilizoangushwa na wake, waume wanasema zilianguka zenyewe. Jirani yangu kinyozi ni mzima, anaongea kuanzia anapofungua mpaka anapofunga, mimi natikisa kichwa tu na urafiki unaendelea vizuri. Huyo mtoto aliyeitwa mbele kwa kuongea, mpe pole na pongezi.

Habari ya macho ya dada yangu imenikata maini. Nilijua yamefifia, sikujua yamefika huko. 

Kuhusu mkate. Nani aliwaambia mimi nilikuwa natafsiri? Mimi nilikuwa nasimulia. Lugha ile sikuijua hata salamu. Mkanda ulifika mchana, mwenye ukumbi akaniambia jioni watu wanakuja, jipange. Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu asubuhi. Nikawa nauangalia peke yangu, yule mwanamke akafungua kinywa pale stesheni, na haki ya Mungu nilisikia "mkate". Nikajiambia, kama anataja mkate basi huyu bwana ni mwoka mikate, na kama ni mwoka mikate basi ameibiwa, vinginevyo uso kaukunjia nini. Mengine yakajipanga yenyewe. Karani wa posta, jamani. Nani angelia kwa ajili ya karani wa posta?

Ila kuja, mpwa wangu, sioni njia. Paa la karakana linavuja na fundi ananizungusha. Simu ni mbovu. Onyesheni hiyo hiyo yenye maandishi, watu watazoea. Mama yako msomee wewe, una sauti nzuri.

Msalimie sana.

Mjomba wako


11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Tumepata mvua ya kutosha, paa la ukumbi limefaulu mtihani. Mume wangu ameleta matofali yaliyovunjika tukainua mabenchi ya nyuma, sasa wafupi nao wataona.

Nilimsomea mama barua yako. Ile ya mkate alicheka mpaka akaomba maji. Kisha nikafika kwenye simu mbovu, akaacha kucheka. Akasema, "Fundi redio, simu yake mbovu mwaka mzima. Mwambie atafute uongo wenye miguu." Hayo ni maneno yake, mimi ni kalamu tu.

Nilijaribu kumsomea maandishi kama ulivyoshauri. Nilikaa kando yake nikasoma kila mstari. "Leo barua ni chache." "Ndiyo, bwana mkuu, ni chache." Akalala. Alipoamka akasema siku yenyewe ikifika yeye atabaki nyumbani na redio, sisi twende tukafurahi. Mama, mjomba, ambaye hakuwahi kukosa hata ugomvi wa jirani.

Hujui ulichotuachia huku. Unakumbuka ulikuwa ukisema, "Shikeni viti, ndugu zangu," kila jambo kubwa lilipokaribia? Mpaka leo mtaani hakuna jambo linaloanza bila hayo maneno. Katibu anayasema kabla ya kutangaza kukatika kwa maji. Mkunga aliniambia hivyo hivyo nilipokuwa najifungua, nami nikamjibu kiti kiko wapi hapa.

Niandikie neno moja tu. Nakuja. Paa nitamtuma mume wangu aje alizibe.

Kiroboto


20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima. Sasa nimekasirika, kwa hiyo salamu zinaishia hapo.

Nimengoja jibu mpaka muuza magazeti anayetuletea barua ananikwepa. Juzi katibu wa mtaa alipita mji wenu kutafuta waya wa spika, akaingia karakana yako kukusalimia. Anasema ulimkumbatia, ukamketisha, ukampa soda, lakini hukumjibu hata neno. Bei ya waya uliiandika kwenye kipande cha boksi. Kinyozi ndiye aliyeongea yote. Katibu amerudi anasema Maiki siku hizi anaringa. Nimekutetea mbele za watu, lakini nyumbani nilikaa nikafikiri, na roho haikutulia.

Wewe huringi. Wewe ulikuwa ukiongea hata usingizini, mama ndiye aliyetuambia. Kuna nini, mjomba?

Kiroboto


2 Juni

Kiroboto,

Nyumba yote salamu. Paa halivuji, halijawahi kuvuja.

Mwaka jana nilipasuliwa kooni. Uvimbe ulitoka wote, daktari ameridhika, nakula, nalala, siumwi. Nakutangulizia hayo ili usianze kulia. Ila sauti iliondoka pamoja na uvimbe. Iliyobaki ni mnong'ono, kama redio iliyokwama katikati ya stesheni mbili. Mtu asipoinama mdomoni kwangu hanisikii. Simu ni nzima. Inalia, naona ni dada yangu, naiacha ilie mpaka ichoke.

Sikusema kwa sababu sikujua niseme kwa kitu gani, wakati cha kusemea chenyewe hakipo. Kwenu mimi ni Maiki. Nije nisimame mbele ya watoto waliosimuliwa habari zangu, nifungue mdomo, utoke upepo? Naona aibu, mpwa wangu, na naogopa. Zaidi ya wote namwogopa mama yako. Uso wangu hauoni tena. Na sauti nayo ikiwa haipo, kwake nitabaki nini?

Tafadhali usimwambie. Mwambie ni paa.

Mjomba wako


10 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo, na pole. Pole nyingi. Nimelia, ingawa ulinitangulizia.

Sasa nisikilize, na usiruke juu. Umesahau kitu kimoja. Barua zako zote mimi humsomea mama, na nina mazoea ya kufungua bahasha mbele yake na kusoma papo hapo kwa sauti, bila kutanguliza macho. Anapenda kusikia karatasi inavyochanika. Basi nilianza na paa, akasema "nilijua". Nikaendelea na koo. Mdomo haukusimama, nikapita aibu, nikapita woga, nikafika "Tafadhali usimwambie." Hapo ndipo nikainua kichwa. Mama alikuwa mbele yangu na bakuli la maharage ya kuchambua.

Alinyamaza. Unajua mama kunyamaza ni habari ya kutangazwa redioni. Alilia kidogo, akajifuta kwa upindo wa nguo, kisha akaanza kuongea na mimi nikaanza kuandika. Nakuandikia kama alivyosema.

"Mwambie nimekasirika. Mwaka mzima nafikiri nimemkosea nini, namhesabu kama amenisusa, kumbe anaficha koo. Mwambie simuulizi habari ya sauti, sauti ninayo mimi ya kututosha sote wawili. Anauliza kwangu atabaki nini. Atabaki mdogo wangu, kwani siku zote alikuwa nani? Na mwambie sikio langu la kulia bado ni zima. Aje akae upande huo."

Kisha akarudi kwenye maharage. Baadaye akaniita kuniuliza gauni lake la maua liko wapi, na kama bado lina vifungo.

Sikuombi tena. Nakueleza tu kwamba kwenye benchi la mbele, mkono wa kulia wa mama, nimeweka mto na hakuna atakayeukalia.

Kiroboto


3 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Uliondoka Jumatatu alfajiri kama mtu anayefukuzwa, hatukupata hata nafasi ya kuzungumza vizuri. Kila mtu hapa ni mzima isipokuwa amekauka koo kwa kelele za Jumamosi, kwa hiyo mtaa mzima sasa uko kama wewe.

Najua ulikuwepo. Lakini ulikuwa umeinama sikioni kwa mama muda wote, hukuona kitu. Ngoja nikusimulie, leo zamu yangu.

Hukuandika kwamba unakuja, na mimi nilishakata tamaa. Watu walijaa mpaka madirishani, watoto mbele kwenye mikeka, bibi zao wamekalia viti vya plastiki alivyoleta katibu. Mama alikuwa kwenye benchi na gauni la maua, mkono wake umeshika ule mto ulio wazi, hataki mtu ausogelee. Nilikuwa nakwenda kuzima taa ndipo nikakuona mlangoni na mkate mzima kwapani. Fundi baiskeli akaita "Maiki", ukumbi wote ukainuka. Wewe ukagusa koo ukatikisa kichwa, na wakaketi. Hakuna aliyeuliza. Nilikupenda sana pale, na wao niliwapenda.

Ulipopiga hatua ya tatu tu mama akasema, "Umekonda," na hakuwa amekugusa bado.

Filamu ikaanza. Ukamnong'oneza, mama akacheka peke yake. Ukanong'ona tena, akapiga paja. Benchi la nyuma likaanza kunung'unika, "Anasema nini?" Mama akageuka akawaambia, kwa ile sauti ya kuuzia nyanya, "Anasema huyu bwana ameamka, kabati liko wazi, hana hata kipande." Kuanzia hapo haikurudi nyuma. Wewe chini chini, mama juu juu. Katibu alimletea maiki, akaipapasa akauliza, "Hiki cha nini?" na kumrudishia.

Ila mama si msimulizi kama wewe, mama ni mteja. "Anasema aliacha mlango bila kufunga. Sasa mikate ya watu unaiachaje bila kufunga? Eti kufuli lilikuwa bovu. Mimi hilo sikubali." Wewe ukawa unamtetea Mwenye Kofia sikioni, yeye anakukatalia hadharani, na watu hawana mbavu. Bibi mmoja alimuunga mkono mama, mjukuu wake akawa upande wako. Tulipofika pale mwizi anapojificha nyuma ya pipa, mama hajasema lolote, wewe ukanyoosha mkono juu, na ukumbi mzima ukasema kwa pamoja, "Shikeni viti, ndugu zangu." Hata wale waliozaliwa wewe umeshahama. Na mwanamke wa gauni jeupe alipokimbia pale stesheni, kelele za "mkate" zilitoka mpaka kwa watu wa barabarani. Fundi baiskeli alikuwa anajifuta macho. Anasema ni vumbi la saruji.

Kisha ule mwisho. Unajua picha inavyokwisha, treni inaondoka na yeye yumo ndani, mwanamke anabaki peke yake na moshi. Wewe zamani ulikuwa unatuambia, "Atarudi na mkate," na sisi tunakwenda kulala tumeridhika. Nilikuwa nyuma yenu. Mama alikuinamia, akangoja. Sikuona midomo yako ikisogea. Akangoja tena. Ukumbi wote ulikuwa unamngojea yeye.

Mama akasimama, mjomba. Mkono mmoja begani kwako, uso umeelekea mwanga. Akasema, "Treni imesimama. Mlango unafunguka. Ameshuka, namwona, ana mkate mkononi." Kwenye shuka letu pale palikuwa na moshi na ule mshono tu.  Kisha fundi baiskeli akasema, "Hata mimi namwona." Na mwingine, na mwingine, mpaka watoto wote wakawa wanamwonyesha kwa vidole anapopita, na mama anaitikia kwa kichwa kama mwenye nyumba anayepokea mgeni. Mkate wako ulikatwa pale pale. Kilichonifikia mimi kilikuwa kidogo kama ukucha, nikakila nikiwa nimefumba macho.

Nataka kujua kitu kimoja tu. Pale mwisho, ulimnong'oneza nini? Nimemuuliza mama, anasema nikuulize mwenyewe.

Kiroboto


14 Julai

Kiroboto wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, mwambie dada yangu. Kinyozi anawasalimu, nimemwandikia habari nzima ya Jumamosi kwenye boksi la redio, na sasa anawasimulia wateja kama vile yeye ndiye aliyekuwa kwenye benchi. Ameongeza mbwa. Sikumkataza, ni mbwa mzuri.

Simu imepona. Mama yako hupiga kila jioni nikifunga karakana. Yeye anaongea, mimi nanong'ona, yeye ananiambia nirudie, na bado tunabishana habari ya kufuli. Sikujua kwamba nilikuwa na njaa ya kitu kama hicho.

Niliondoka alfajiri kwa sababu ningekaa kifungua kinywa ningelia mbele ya watoto, na Maiki hajawahi kulia isipokuwa kwa mpango. Sasa nimeshakwambia.

Mshono ule usiufumue. Karani wa posta hakuwa na kovu, mwoka mikate anastahili moja.

Unauliza nilimnong'oneza nini pale mwisho. Sikumnong'oneza kitu, mpwa wangu. Nilikuwa nimeshika kiti.

Mjomba wako